Fundi Asiyekunywa

Kilingi, kilingi, kilingi.

Hicho ni kijiko ndani ya glasi ya chai, na aliyekuwa akikizungusha ni fundi cherehani wa mtaa wetu. Cherehani yake ilikuwa na kelele, redio yake ilikuwa na kelele zaidi, lakini ukiondoka dukani kwake na sauti moja tu masikioni, ni hiyo. Alikoroga chai kama mtu anayeibembeleza ilale. Sukari ilikwishayeyuka zamani, chini ya glasi hamna hata punje, na mkono wake bado unazunguka huku macho yakiwa kwenye pindo la suruali ya mtu. Ndiyo maana tulimwita Fundi Kijiko. Jina alilijua, akalikubali, na nadhani alilipenda, maana mafundi wengine wa mtaa walipewa majina mabaya kuliko hilo.

Kijiko chenyewe alikirithi. Marehemu baba yake alikuwa fundi katika chumba kilekile, akamwachia mkasi mzito wa chuma, cherehani ya kukanyaga, na kile kijiko chenye mpini uliopinda kidogo. Alimwachia na aibu pia. Mzee yule alikufa tumbo limemvimba na macho yamegeuka manjano, na siku ya mazishi wanaume waliokaa nyuma wakanong'ona kwa ule mnong'ono unaosikika na kila mtu.

"Chupa hiyo. Chupa imemmaliza."

"Mbona hatukumwona akinywa?"

"Mnywaji wa siri ndiye mnywaji hasa."

Fundi Kijiko wakati huo alikuwa kijana anayeanza kuota ndevu. Aliyasikia. Mama yake naye aliyasikia, akasimama mbele ya watu wote akasema neno moja: "Hakunywa." Kesho yake akalirudia bombani, kesho kutwa sokoni, na miaka ikapita akiendelea kulisema kwa yeyote aliyemtaja marehemu. Watu walimwitikia kwa upole, "Ndiyo, Mama," kama unavyomwitikia mtoto anayekwambia kwamba paka wake anajua kuhesabu.

Mwanawe hakuitikia hata kwa upole huo. Moyoni alikuwa amekwisha kuamua kwamba walionong'ona ndio wakweli, na kwamba mama anamsitiri mumewe kama wafanyavyo wake wema. Akaapa kuwa yeye pombe hataionja, hata ya kuoshea kidonda.

Kiapo hicho alikilinda kwa ukali wa kuchekesha. Alikataa kushona mapazia ya baa iliyofunguliwa mtaa wa pili. "Pazia ni la kuficha," alimwambia mwenye baa, "na mimi sisaidii watu kujificha." Harusini aliishika chupa yake ya soda juu, usawa wa kidevu, ili karatasi yake isomeke hata na waliokaa mlangoni. Na aliyeonja makali ya mahubiri yake kuliko wote ni shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi rangi aliyependa bia yake ya jioni na hakumficha mtu.

"Shemeji," Fundi humwambia, "ini lako linalia."

"Linaimba, shem," hujibu yule fundi rangi. "Wewe huna sikio la muziki."

Kisha Fundi hukoroga chai yake, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akanywa, akaongeza sukari.

Jambo moja lazima lisemwe kuhusu ufundi wake. Kila suruali aliyoshona, nyuma kiunoni, ndani ya mshono, alikunja kitambaa cha ziada. Akakiita akiba. Mwenye suruali akinenepa, hana haja ya kununua nyingine: anairudisha, mshono unafumuliwa, akiba inatoka, maisha yanaendelea. "Akiba haiozi," alimwambia mteja, akiupapasa mshono kama anayempapasa mtoto mgongoni. Viuno vyote vya mtaa alivijua, na hakuwahi kutoa siri ya hata kimoja.

Cha kwake ndicho alichokificha zaidi. Miguu yake ilikuwa myembamba, mikono myembamba, shingo ya korongo, lakini tumbo lilikuwa limetangulia mbele, mviringo na imara, kama mto wa kitandani ulioibwa na kufichwa ndani ya shati. Mkewe alikuwa akiliita "mgeni wetu." "Mgeni wetu ameamkaje?" humwuliza asubuhi. Fundi alikuwa akijifumulia suruali zake mwenyewe wakati duka halina mtu. Akiba ikatoka yote. Ilipokwisha, akachomeka kipande cha kitambaa cha rangi nyingine kule nyuma ambako shati hufunika, na tangu siku hiyo hakuchomekea shati tena.

Kilichompeleka hospitali si tumbo hilo. Ni uzito fulani chini ya mbavu za kulia, si maumivu, uzito tu, kama mtu aliyechomeka mkasi kiunoni akausahau. Mara nyingi alijipapasa pale autoe, akaukuta mkasi uko mezani, unamtazama. Na alikuwa anachoka. Kabla ya jua kuwa utosini alikuwa anapiga miayo juu ya cherehani mpaka mishono inakwenda upogo.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, maneno machache, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Nje foleni ilikuwa imefika hadi kwenye ngazi.

"Unakunywa?" aliuliza daktari.

"Sinywi!" alijibu Fundi, kwa sauti iliyowafikia hata wale wa kwenye ngazi. Alikuwa anaanza kueleza historia ya kutokunywa kwake, lakini daktari alikwishampaka ute baridi tumboni na anapitisha kile kidude cha kipimo juu yake, kulia, kushoto, kulia, kama mtu anayepiga pasi. Fundi akaona mkono wa daktari una ustadi, akatulia.

"Ini lako linang'aa," daktari alisema, macho kwenye kioo.

"Nashukuru."

"Usishukuru. Halitakiwi kung'aa hivi. Lina mafuta."

"Mafuta?"

"Mafuta yamejaa ndani ya ini."

Daktari akaendelea kusema. Alisema apunguze uzito, aangalie anachokula na anachokunywa, vitu vitamu, vitu vya kukaanga, atembee, arudi baada ya miezi michache. Aliyasema yote, vizuri tu, kwa haraka ya mtu mwenye foleni. Lakini neno mafuta lilikuwa limekwisha kuingia masikioni mwa Fundi likafunga mlango nyuma yake, na mengine yote yakabaki nje yakibisha hodi.

Nyumbani alimwambia mkewe neno moja: "Ini."

Mkewe ndiye aliyeshona vifungo na matundu ya vifungo pale dukani. Sindano ikamchoma kidole. Alikuwa ameolewa katika nyumba yenye hadithi, na hadithi yenyewe aliijua kabla hajamjua bwana harusi. Jioni ile alimpokea mumewe mlangoni kwa ukaribu usio wa kawaida, pua karibu na mdomo wake, akavuta hewa. Kesho yake, Fundi alipokwenda kununua uzi, mama wa watu alipekua duka zima. Nyuma ya majora ya vitambaa. Chini ya cherehani. Na kule pembeni, nyuma ya gunia la makapi ya nguo, mkono wake uligusa kioo cha baridi. Chupa. Na nyingine. Na nyingine, zimelala ubavu kwa ubavu kama watoto wa nyumba moja.

Akaivuta ya kwanza kwenye mwanga, akainusa. Machungwa. Akainusa ya pili. Machungwa. Alizinusa zote, mojamoja, na Fundi alipoingia alimkuta mkewe ameketi juu ya gunia la makapi, chupa tupu ya soda puani, anacheka na machozi yanamtoka.

"Mama watoto, unafanya nini?"

"Nakunusa."

"Mimi nimo humo?"

"Nilidhani ndimo ulimo." Akajifuta macho kwa pindo la kanzu ya mteja. "Nisamehe, mume wangu. Nilidhani unakunywa."

Na ili radhi yake iwe kamili, alivuka barabara akamletea soda ya baridi. Fundi akainywa yote, polepole, kwa heshima ya mtu aliyesingiziwa na kusafishwa.

Basi vita dhidi ya mafuta vikaanza. Kikaango kikatundikwa ukutani. Nyama ikachemshwa, samaki akachemshwa, maharage yakaja mezani yamepauka kama nguo iliyosahauliwa juani. Watoto wakaanza kuwatembelea majirani saa za chakula kwa uangalifu mkubwa. Fundi alichukia mafuta kiasi kwamba siku moja alisita, kopo mkononi, kuitia mafuta cherehani yake.

Lakini chakula kisicho na ladha kinamwachia mtu huzuni, na huzuni inataka kubembelezwa. Akaongeza chai, na kwenye chai akaongeza sukari, maana sukari haina mafuta. Akaongeza soda ya mchana ya kuondoa ladha ya maji ya kuchemshia. Akaanza kununua juisi za boksi, maana boksi lina picha ya tunda, na tunda halijamdhuru mtu. Mkate mweupe, jamu, biskuti. Sahani ya wali ikawa kilima, kwa sababu mboga zenyewe zilikuwa haziliki. Jioni aliketi akapiga hesabu ya siku nzima, akaona hakuna hata tone la mafuta lililopita kooni mwake, akalala usingizi wa mwenye haki.

Habari za ini hazikukaa ndani. Habari za ini hazijui kukaa ndani. Shemeji aliingia dukani na rangi ya bluu kwenye nyusi, akaketi kwenye benchi la wateja.

"Shem, nasikia ini."

"Ni mafuta tu."

"Hebu nielewe. Mimi nakunywa, halafu ini linakamatwa la kwako? Basi askari wamekosea nyumba!" Benchi zima likacheka. "Si unasikia wanavyosema, kikulacho ki nguoni mwako? Na nguo unashona mwenyewe."

Fundi naye akacheka, kwa kuwa shemeji ana ruhusa yake. Lakini mwisho wa benchi palikuwa na mzee mmoja aliyekuja kupunguziwa mikono ya koti, na huyo hakucheka. Alimgeukia jirani yake, akanong'ona kwa ule mnong'ono unaosikika na kila mtu: "Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Kijiko kikasimama ndani ya glasi.

Aliliogopa ini lake, ndiyo, nani asiyeogopa. Lakini kuna kitu alichokiogopa kuliko ini. Aliogopa kufa kama baba yake, tumbo limevimba na macho ya manjano, na watu waketi nyuma wamzike kwa sentensi ileile, na mkewe asimame mbele yao aseme "Hakunywa," na wao wamwitikie kwa upole.

Jumapili alikwenda kumwona mama yake, aliyekuwa akikaa kwenye chumba kimoja chenye baraza, mitaa michache kutoka dukani. Bibi huyo alikuwa amekwisha kusikia. Alimwandalia chai, akazamisha kijiko kwenye kopo la sukari mpaka kikatoka na kilele, akatia, akazamisha tena.

"Mimi sikuulizi, baba," alisema. Alikuwa akimwita hivyo tangu utotoni, baba. "Nimeulizwa mimi maisha yangu yote. Najua linavyouma swali lile. Wewe sikuulizi."

Akamsogezea chai. Fundi akainywa. Ilikuwa tamu mno.

Safari ya pili ya hospitali mkewe alimsindikiza, kama shahidi. Daktari akapaka ute, akapiga pasi, akakunja uso.

"Linang'aa zaidi ya mara ile."

"Daktari, mafuta sijagusa!" Fundi aliinuka nusu, ute unamtiririka. "Muulize huyu!"

"Kikaango kimeota kutu," alisema mkewe.

Daktari akavaa miwani, akamtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Unakunywa?"

"Sinywi! Tangu nizaliwe! Niape kwa nani?"

"Baba, usiape. Kila kiumbe hunywa. Ng'ombe anakunywa. Hata ua la kwenye chungu linakunywa. Sikuulizi pombe. Nakuuliza hivi: unakunywa nini?"

Hapo Fundi alijilaza tena taratibu; katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Chai," alisema.

"Ina sukari?"

"Ya kutosha."

"Kijiko kinasimama chenyewe," alisema mkewe, macho kwenye dari.

"Na nini tena?"

"Soda. Ya mchana." Akamtazama mkewe. "Na ya saa kumi. Na juisi, lakini ile ya matunda, ya boksi."

"Na mkate mweupe na jamu," shahidi aliongeza, "na wali wa kufunika uso."

Daktari akaweka kile kidude chini. "Basi unakunywa," alisema.

Fundi alikuwa na futi ya kupimia imening'inia shingoni. Alikuwa amesahau kuivua. Daktari akaionyesha kwa kidole. "Wewe ni fundi wa nguo? Kitambaa kikibaki, unakitupa?"

"Hakitupwi. Naweka akiba ndani ya mshono."

"Na ini lako linafanya hivyohivyo. Sukari ikija kidogo, mwili unaitumia. Ikija nyingi, asubuhi, mchana, saa kumi, ini haliitupi. Linaigeuza mafuta, linaiweka ndani. Na wanga mwingi mweupe, mkate na wali wa kilima, unakwenda njia hiyohiyo."

"Akiba haiozi," Fundi alinong'ona, kwa mazoea.

"Hii inaoza. Ikikaa sana ini linavimba, linaota makovu, mwisho linakakamaa. Na haliumi, ndiyo ubaya wake. Linakushonea kimyakimya."

"Kwa hiyo mafuta hayakutoka kwenye kikaango?"

"Ya kikaango yana sehemu yake. Usije ukarudi nyumbani ukaanza kukaanga mpaka maji. Lakini wewe uliziba tundu la panya, ukaacha mlango wazi."

Fundi akawaza. Kisha akauliza kwa lugha aliyoijua: "Linafumulika?"

Daktari akatabasamu, mara ya kwanza. "Hapo ulipofika, linafumulika. Taratibu." Na safari hii Fundi alisikia kila neno. Soda na juisi ziishe. Chai iwe chai. Kilima cha wali kishuke, nusu ya sahani iwe mboga za majani, na maharage na samaki wawe wageni wa kila wakati. Atembee. Na mafuta ya kupikia, kidogo, ya mimea, yarudi chunguni. Aliposema hilo la mwisho, mke wa Fundi aliitikia "Asante, daktari" kwa sauti ya mfungwa aliyefunguliwa.

Walifika mlangoni, Fundi akageuka.

"Daktari. Mtu anaweza kufika mpaka tumbo kuvimba? Na macho kuwa manjano? Bila pombe?"

"Anaweza. Si wengi, ila wapo. Kwa nini?"

"Baba yangu."

"Alikunywa?"

Swali lilelile, na safari hii si lake. Akajikuta hana jibu lake mwenyewe, ila la kuazima. "Mama anasema hakunywa."

"Alikuwa na tumbo kama lako? Na chai kama yako?"

"Kijiko ni kilekile."

Daktari akavua miwani, ikaning'inia. "Siwezi kumpima aliyekwishazikwa, na maradhi ya ini ni mengi. Lakini kama mama yako angeniambia mimi hivyo, nisingemwita mwongo."

Njiani mkewe hakumtania. Alimshika mkono, na walitembea hivyo hadi nyumbani, na watu wa mtaani wakashangaa, maana hawakuwa vijana.

Isije ikadhaniwa kwamba kuacha kulikuwa rahisi. Chai ya kwanza bila sukari alisema ina ladha ya kamba iliyolowekwa. Mikono ilimwasha. Alikasirika na uzi, na pasi, na mwenye duka la jirani kwa kosa la kufungua friji kwa nguvu. Halafu mkewe akagundua kwamba anachokitamani zaidi si utamu, ni kelele, akampa kijiko chake kilichopinda akamwambia akoroge tu. Basi akawa anakoroga chai isiyo na kitu ndani. Kilingi, kilingi, kilingi. Mtaa mzima ukatingisha kichwa: Fundi ameshindwa.

Shemeji akaingia kama askari wa usiku. "Nimekusikia kutoka barabarani! Umerudia!" Akainyakua glasi, akapiga funda, akaitema nje ya mlango. "Shem! Hii ni chai au ni hukumu?"

"Na wewe ya kwako iko njiani," dada yake alimwambia bila kuinua macho kwenye tundu la kifungo. "Nilimuuliza daktari. Kasema bia nayo ina zamu yake, na ini la mnywaji haliimbi. Uende ukapakwe ute."

Shemeji alicheka, lakini mkono wake ulikwenda ubavu wa kulia, ukakaa pale kidogo. Hakuongeza utani siku ile.

Fundi akaanza kupeleka nguo za wateja kwa miguu badala ya kusubiri wazifuate. Mwanzoni alikuwa anapumzika kila kona akijifanya anakagua mshono wa mzigo wake. Kikaango kikashuka ukutani, kikasuguliwa, na watoto wakarudi kula nyumbani. Mgeni wetu hakuondoka kwa kishindo. Alianza kufungasha polepole, kama mgeni anayetaka ahimizwe abaki. Siku moja duka likiwa tupu Fundi alivua suruali, akaifumua nyuma, akakitoa kile kipande cha rangi nyingine. Akakitazama. Akakitupa kwenye gunia la makapi. Mkewe alimkuta hivyo, ameketi kwenye cherehani kwa shati na soksi, anaurudisha mshono ndani.

Safari ya tatu daktari alipiga pasi muda mrefu.

"Limepungua kung'aa. Halijaisha. Usije ukafanya sherehe."

"Nashukuru," alisema Fundi, kisha akasita, akamtazama.

"Sasa shukuru," alisema daktari.

Kutoka pale hakurudi dukani. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake. Njia nzima alikuwa ameshika maneno yake tayari, yote, kama mtu anayepeleka nguo iliyokwisha. Bibi alikuwa barazani, birika limekwisha kuchemka. Akajaza vikombe viwili, akafungua kopo, akazamisha kijiko kikatoka na kilele.

Fundi akafunika kikombe chake kwa kiganja. "Mimi nimeacha sukari, Mama."

"Nani kakukataza?"

"Daktari."

"Kwani sukari imemfanya nini mtu?" Kijiko kilikuwa kimebaki hewani, punje zinadondoka juu ya meza. "Baba yako nilimtilia kwa mkono huu mpaka siku alipofumba macho. Alikuwa akisema hakuna anayejua kutia kama mimi."

Fundi akautazama mkono. Ulikuwa mdogo, na bado umekishika kijiko. Hapo ndipo alipoona kwamba ukweli aliokuja nao ni vitambaa viwili vilivyoshonwa pamoja, na kimoja tu ndicho kinachomtosha mama yake. Akaufumua mshono. Kazi hiyo alikuwa anaijua.

"Mama, daktari kasema ini linaweza kuugua bila pombe. Bila hata tone."

Kijiko kilirudi koponi, taratibu.

"Kasema hivyo?"

"Kasema."

"Mtu aliyesoma?"

"Aliyesoma. Na mke wangu alikuwepo, alisikia."

Bibi akaurekebisha mtandio wake begani, akaketi wima, kana kwamba barazani pamejaa watu. Midomo yake ilitikisika, lakini lile neno alilolisema maisha yake yote safari hii halikutoka. Alikuwa analingoja kutoka upande wa pili.

"Na kama si pombe," aliuliza baadaye, "ilikuwa nini?"

"Maradhi, Mama. Maradhi tu."

Akamtazama mwanawe, akakitazama kiganja kilichofunika kikombe. Kisha akachukua mfuniko wa kopo, akaufunga mwenyewe, akaukaza, na akaanza kukoroga chai yake ambayo hakuwa ameitia kitu. Kilingi, kilingi, kilingi.

Fundi akainama karibu, akasema kwa sauti ndogo hata kijiko kilikaribia kuifunika:

"Baba hakunywa."